Watu Elfu Tatu wa Gramu

4 Februari

Mdogo wangu Gramu,

Pokea salamu za dada yako. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linapanda ngazi kwa masharti yake. Jirani yetu fundi viatu anakusalimu. Amekonda, ila mdomo haujakonda. Paa la karakana lilikuwa linavuja juu ya benchi la Baba, nimeliziba mwenyewe, na usiniulize kama nilipanda na goti hili. Nilipanda.

Nakuandikia kwa sababu simu zetu haziishi salama. Tangu tumzike Mama, au niseme tangu nimzike Mama, tumepigiana mara nne, na mara zote nne mmoja wetu amekata. Ukiikasirikia barua utaiweka chini, utakunywa maji, utairudia.

Ile simu ya kioo uliyonitumia imefika. Asante. Nimeiweka kwenye droo ya mawe madogo ya mizani kwa kuwa sijui niifanyie nini. Uliandika kwenye kikaratasi, "Kuza biashara, Dada." Sasa nikwambie hali ya hiyo biashara. Wenye maduka wananunua mizani za plastiki zenye namba za taa. Zikiharibika wanatupa. Wiki tatu nimetengeneza mizani moja tu, ya muuza nyama, tena alikuja kwa sababu ilikuwa inampunja yeye. Ingekuwa inawapunja wateja nisingemwona.

Baba aliishi na karakana hii miaka thelathini na moja, na Mama akaishi nayo baada yake. Ikifungwa, itafungwa mikononi mwangu. Hilo ndilo linaloninyima raha, wala si goti.

Ni mimi dada yako.


21 Februari

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Pole na goti. Mwambie fundi viatu nimemkumbuka, hasa ile kelele ya nyundo yake. Mimi sijambo. Kazi ni nyingi, unajua tena cheo cha Meneja wa Kanda, vikao haviishi. Huku hakuna anayeniita Gramu. Nilipoliona hilo jina juu ya karatasi nilicheka peke yangu.

Sasa tuongee biashara. Kuna mtandao wa watu wa kazi. Si ule wa kuonyeshana harusi na vyakula, huu ni wa kikazi. Kila mtu ana ukurasa wake: anafanya nini, amefanya wapi, anajua nini. Wenye makampuni wanapita humo kutafuta watu. Nimekufungulia ukurasa wako na namba ya siri nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Uikariri kisha uifute.

Mambo ya kufanya ni machache. Mtu akikuomba muungane, kubali. Mtu akipandishwa cheo, mpongeze. Piga picha kabla na baada ya kutengeneza mizani, uziweke na maneno mawili matatu. Usinyamaze. Ukinyamaza wiki moja, mtandao unakusahau.

Maelezo yako nimeyaandika mwenyewe: "Kampuni inayoongoza katika uhakiki wa mizani, yenye mafundi sita waliobobea." Usishtuke. Ndivyo watu wanavyoandika.

Wasalimu wote.

Mdogo wako.


15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu sana. Huku kumeanza joto, na mafuta ya mashine yanayeyuka kwenye kopo kabla sijayachota. Fundi viatu amepata miwani mpya, amekataa kuivaa, anasema inamzeesha. Chumba cha Mama nimekifagia juzi. Sijahamisha chochote.

Nimeingia kwenye huo mtandao wako. Nikwambie ukweli, siku ya kwanza nilichoka kama niliyebeba mawe ya kilo ishirini. Watu kumi na saba walitaka kuungana nami. Nikawakubali, kisha nikaanza kuwasalimia mmoja mmoja, habari za nyumbani, watoto hawajambo, kazi zinaendaje. Kumi na wanne hawakujibu. Mmoja alijibu akaniuliza nauza nini. Mwingine akaniwekea kidole gumba. Mtu namuuliza hali ya mama yake, ananijibu kwa kidole!

Hao mafundi sita umewatoa wapi? Mimi niko mmoja. Tukimhesabu paka wa fundi viatu tunafika wawili. Unajua kwamba katika nyumba hii hatupigi chuku juu ya vipimo, halafu unanipigia chuku mimi mwenyewe.

Lakini ngoja, kuna habari. Niliweka picha ya mizani ya kupimia watoto wachanga, ile ya beseni, niliyoitengenezea mkunga wa mtaa wa pili. Nikaandika: "Mizani hii ilikuwa inasema mtoto ana afya wakati hana. Sasa inasema kweli." Mama mmoja ameniandikia. Anasimamia vifaa vya zahanati nyingi, na ana mizani arobaini za watoto anazozitilia shaka. Arobaini, Gramu. Hiyo ni kazi ya mwaka mzima, na baada yake zinahakikiwa tena kila mwaka. Karakana inapona. Anakuja mwezi wa tano kutuona. Ameandika hivyo hivyo, "kuwaona."

Shida yangu si hao sita peke yao. Unaikumbuka kanuni ya Baba: anayeweka mawe hasomi, na anayesoma hajui mawe gani yamewekwa, ili jicho lisifuate linachotaka. Baba aliweka, Mama akasoma mshale nyuma ya lile pazia. Baadaye mimi niliweka, Mama akasoma. Sasa naweka mimi, na pazia halina mtu. Nimemjaribu fundi viatu. Bila miwani anasoma, "Kumi na kidogo." Kidogo kiasi gani? "Kidogo cha kawaida." Mtoto mchanga hapimwi kwa kidogo cha kawaida.

Sikuombi kitu. Nakueleza tu hali ilivyo.

Dada yako.


2 Aprili

Dada,

Natumaini hamjambo. Mimi mzima. Samahani kwa ufupi, niko safarini kikazi.

Habari ya zahanati ni njema kupita kiasi, usiiharibu kwa kusema sana. Siku ya ugeni wavalishe majirani watano makoti ya kazi, washike bisibisi, wainamishe vichwa. Mgeni hakai zaidi ya nusu saa. Kila mtu anafanya hivyo, Dada. Ukisema uko peke yako watakuona mdogo, na humu mtu akishaonekana mdogo amekwisha.

Endelea kuweka picha.

Mdogo wako.


20 Aprili

Mdogo wangu Gramu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Nasema sisi kwa mazoea tu.

Kuhusu makoti, hapana. Fundi viatu alipolisikia hilo wazo alifurahi sana na ndipo nikajua ni baya.

Juzi nimekaa nikaufungua ukurasa wako. Nimekuona na suti. Umenenepa mashavuni, umependeza. Nikaona pale chini: watu 3,112 wameungana nawe. Nilifurahi mpaka nikasimama. Unajua nilichokuwa nakiogopa miaka yote hii? Kwamba uko mji mkubwa na huna mtu. Ukiugua nani atajua? Kumbe una watu elfu tatu, mimi nahangaika bure.

Basi nimefanya kama dada mkubwa anavyopaswa kufanya. Mtu akikaa na ndugu yako vizuri, unamshukuru. Wote nisingewaweza, nikachagua thelathini na wanne, wale wenye nyuso za upole. Nimewaandikia hivi: "Mimi ni dada wa huyu mnayemfahamu kama meneja. Nyumbani tunamwita Gramu, kwa sababu alipozaliwa Baba alimweka kwenye mizani ya karakana, akaipima tena mizani yenyewe akidhani imeharibika. Nawashukuru kwa kukaa naye. Hapendi kusema akiwa na njaa, na akinyamaza sana jueni ana jambo. Mmoja wenu ambaye yuko karibu naye anijulishe anavyoendelea, kwa kuwa yeye huniandikia mistari michache."

Usinune. Ni salamu tu. Nangoja majibu yao, na lako.

Dada yako.


28 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Zimepita wiki tano na zaidi na barua yako haijaja. Nilikwenda posta mara tatu. Karani wa pale sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Nimepata majibu ya wale watu wako. Kati ya thelathini na wanne, tisa wamejibu. Mmoja alitaka kuniuzia mafunzo ya uongozi. Saba wameandika kwa adabu kwamba hawakujui. Nimeyasoma yote saba, yamefanana kama yameandikwa na mtu mmoja: "Samahani, tumeungana tu, sijawahi kukutana naye." Mmoja akaongeza kwamba barua yangu imemfanya ampigie dada yake.

Wa tisa aliwahi kukaa nawe chumba kimoja cha ofisi. Anasema kampuni ilipunguza watu, wewe ukiwa wa kwanza kuondoka, yapata miaka miwili na nusu sasa. Anasema ulikuwa mtu mwema na hajui uliko. Ameniomba mimi nikusalimie.

Miaka miwili na nusu. Nimehesabu kwa vidole kwenye benchi. Ni kabla ya Mama. Mazishi ya Mama uliniambia una kikao ambacho hakiwezi kuahirishwa.

Sijaandika hili kukushitaki. Nimekaa na hiyo habari siku sita, hasira ilikuwapo siku mbili za kwanza, baadaye ilibaki huruma tu, na woga. Nani anajua uko wapi, Gramu? Elfu tatu hawajui. Mimi ninalojua ni sanduku lako la posta tu. Ukianguka leo nani ataniambia?

Yule mama wa zahanati alikuja. Mwanamke mfupi, mkoba mkubwa, hacheki ovyo. Akazungusha macho akauliza mafundi wengine wako wapi. Nikasema, "Tuko mmoja." Akauliza, "Na wale sita?" Nikasema, "Aliyeandika ni mdogo wangu, ananipenda vibaya." Nikamwonyesha kazi. Nikamweleza kanuni ya Baba, na kwamba msomaji wangu amefariki. Akaenda mwenyewe nyuma ya pazia, akasema, "Weka." Nikaweka mawe mara kumi na mbili, akasoma mara kumi na mbili, hakukosea hata moja. Alipotoka akasema kazi ni yangu endapo kufikia mwisho wa mwezi wa nane nitakuwa na msomaji wa kudumu, atakayetia sahihi pamoja nami kwenye kila mizani. Nisipompata, atatafuta kwingine, na hakuona haya kuniambia hivyo. Nilimpenda kwa hilo.

Barua ya mwezi wa tatu nilisema sikuombi kitu. Nilikudanganya. Nakuomba. Rudi nyumbani.

Dada yako.


30 Juni

Dada,

Sina salamu za kupamba. Nimeianza barua hii mara nyingi.

Aliyokwambia mwenzangu ni kweli. Nilimwaga unga mwaka ule, au niseme walinimwagia. Nilidhani ni mwezi mmoja tu nitapata pengine, nikauacha ukurasa ulivyokuwa. Ukishaacha mwezi mmoja, wa pili ni rahisi zaidi. Kila mwaka mtandao unawaambia watu wanipongeze kwa kutimiza mwaka mwingine kazini. Mwaka huu wamenipongeza mia mbili na kumi na wawili, kwa maneno yale yale ambayo mtandao wenyewe unawawekea tayari, wao wanabonyeza tu. Nami nawajibu wote, asante, asante.

Unataka kujua ninachofanya. Nakaa kwenye kaunta ya duka la kutoa nakala, kati ya mashine mbili zinazotoa joto. Watu wanakuja wanataka kazi, nawaandikia kurasa zao. Kijana aliyewahi kubeba makreti namwandika "msimamizi wa usafirishaji." Dada wa mapokezi namwandika "mtaalamu wa mahusiano." Naiweza sana kazi hii, na ndiyo maana mafundi sita walinitoka bila kufikiri. Ninapolala ni chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Mwenye nyumba ananiita "wa namba saba."

Mama alipofariki nililiandika jambo hilo kwenye ukurasa. Watu arobaini na kitu waliweka pole. Nilikaa na simu mkononi siku ile yote nikisema mmoja atapiga. Hakupiga hata mmoja. Uliyepiga ni wewe, kuniuliza nafika lini, nami nikakwambia nina kikao. Nilikuwa nimekaa kitandani na viatu miguuni, Dada. Nilikuwa nimefunga mkoba. Nikafikiri, mtaa mzima Mama ameuambia kwamba mwanawe ni meneja, nitashuka kwenye basi na mkoba mmoja nimzike kwa uso gani? Nikavua viatu. Hakuna siku inayopita sijavivua tena.

Kwa hiyo usiniombe. Nitarudi na nini? Tafuta kijana mwenye macho mazuri, mfundishe. Utampata.

Nisamehe kama unaweza.


14 Julai

Gramu,

Nimekusamehe kabla sijafika nusu ya ukurasa, kisha nikaendelea kusoma nimekasirika. Yote mawili yanawezekana, uliza mtu yeyote mwenye ndugu.

Sasa nisikilize, maana nami nina langu ambalo sijawahi kukuandikia. Siku ya mazishi waliniuliza uko wapi. Mimi ambaye sijawahi kuongeza hata nukta kwenye kipimo cha mtu, nilisimama mbele ya jeneza la Mama nikasema umelazwa, mgongo, madaktari wamekukataza kusafiri. Wakakuombea. Mpaka leo wananiuliza mgongo wako, na kila wakiniuliza naongeza kidogo ili uongo usionekane umesahauliwa. Mwaka jana nilikufanyia upasuaji. Nilikuwa nakulaumu wewe kwa kutokuja, na kumbe huo uongo ndio uliokuwa unanikatia simu mkononi.

Kwa hiyo usihangaike na uso wa kurudi nao. Hapa hakuna anayemngoja meneja. Wanamngoja mgonjwa. Na hata hao si wengi. Uliocheza nao wamehama, duka la kona limefungwa, mkunga anahamia kwa mwanawe. Mchana mzima nasikia nyundo ya fundi viatu, ikinyamaza nanyamaza nayo. Nimeanza kuzungumza na mizani. Juzi niliiambia moja "pole" nilipoikaza skrubu. Unaniambia nitafute kijana. Vijana wapo, wamekuja wawili, macho yao mazuri. Mimi sitafuti macho tu. Nimechoka kula nikitazama kiti.

Nimefuta wale sita. Fundi viatu alinisaidia, na miwani yake usoni. Sasa ukurasa unasema: "Fundi mizani mmoja." Sitaandika wawili mpaka nione mtu wa pili amesimama mlangoni.

Chumba cha Mama nimekipaka chokaa na kitanda nimekigeuzia dirishani. Nimetoa nguo zake. Nililia, nikamaliza, nikatandika. Ukija utanichoka, nakuonya. Nakoroma, nabishana na redio, na sipendi mtu aguse bisibisi zangu. Lakini ukikohoa nitasikia.

Mwisho wa mwezi wa nane uko karibu.

Dada yako.


2 Agosti

Dada yangu,

Salamu kutoka kwa mgonjwa wako.

Barua yako nilikaa nayo wiki mbili. Mwenye duka aliniona naisoma kaunta akaniuliza imetoka wapi. Nikasema kwa dada. Akasema hakujua kama nina dada. Tumefanya kazi pamoja miaka miwili, hatujawahi kuulizana.

Jana niliufunga ukurasa wangu. Si rahisi kama unavyofikiri. Unabonyeza, unaulizwa kama una uhakika. Unabonyeza tena, unatajiwa idadi ya watu utakaowapoteza. Kisha mtandao unataka kujua sababu, unakupa orodha uchague: napata ujumbe mwingi mno, sioni faida, nina ukurasa mwingine. Niliisoma yote, yangu haikuwemo. Chini kabisa kuna nafasi ya kujiandikia. Nikaandika, "Dada yangu ananiita nyumbani."

Nikabonyeza. Nikakaa pale nikitazama, nikidhani kuna mtu atapiga kuuliza kulikoni. Nilikaa mpaka mwenye duka akazima mashine zote mbili. Kisha nikaenda chumbani kukunja mashati.

Basi langu linafika Jumamosi ya tarehe kumi na saba, saa nne asubuhi. Usije kituoni, goti linakusumbua na kazi zako ni nyingi, njia naijua.

Lakini ukija, Dada, simama mahali ambapo nitakuona mapema.

Gramu